Dafu la Mtu wa Bima

Nani kacheka? Ni wewe, Sikuzani? Basi kaa hapo chini, na wadogo zako wakae, na huo ukili mnaosuka wekeni pembeni, maana leo nitasema na sitasema mara ya pili. Tangu asubuhi nawasikia huko nje mnaimba, "Babu Dafu, Babu Dafu," watoto wa jirani wanaanza na nyinyi mnaitikia. Watoto wa jirani siwalaumu, jina hilo wamelisikia kwa baba zao. Lakini nyinyi ni wajukuu zake, na huyo mnayemwimba hajatimiza hata mwaka tangu tumzike.

Babu yenu Mwinshehe alikuwa mkwezi wa minazi hapa hapa Mlingotini, na si mkwezi wa kubahatisha. Alianza kupanda akiwa kijana, siku zile Wajerumani wameondoka na Waingereza ndio kwanza wanaingia. Alifundishwa na baba yake, na mzee yule alikuwa akimchapa kwa kuti akishuka na magoti yamechubuka, kwa sababu mkwezi anayejua kazi hupanda kwa mikono na nyayo, goti haligusi mti. Kwa siku alipanda minazi arobaini, na wakati wa kuangua kwa wingi hata hamsini. Akifika juu hulipiga dafu kwa ukucha wa kidole gumba, akasikiliza, ndipo akate. Mimi nimekaa naye miaka thelathini na moja, sijawahi kumwona akiangusha dafu lisilofika.

Tena mkwezi haparamii mti kimya kimya kama mwizi. Kutoka juu unaziona nyua za watu wote, unamwona anayeoga, anayesukwa nywele na anayemnunia mumewe. Kwa hiyo kabla ya kupanda hupaza sauti, "Napandaaa," wanawake walio uani wajisitiri. Siku niliyomjua Mwinshehe nilikuwa naoga uani kwa shangazi yangu. Nikaisikia sauti, nikajifanya hamnazo, maana ndoo ilikuwa bado na maji. Akaita tena, akangoja. Mwishowe akasema kutoka nyuma ya ua, "Dada, ukimaliza ndoo ya pili nipe habari, nami nina watoto wa kulisha." Na watoto wenyewe hakuwa nao. Nilicheka mpaka sabuni ikaniingia machoni. Mwezi uliofuata watu wake walikuja kuposa.

Basi katika minazi yote aliyoikwea, hata mmoja haukuwa wake. Huku kwetu mnajua ardhi ni kitu kimoja na mnazi ni kitu kingine. Mtu anaweza kununua miti iliyosimama katika shamba la mwenziwe, ikawa mali yake na ya wanawe. Sisi tulikuwa na mti mmoja tu, ule mnazi wa kitamli, wa madafu, nyuma ya jiko, niliouotesha mwenyewe alipozaliwa Dija mama yenu. Mwinshehe alikuwa akiitaka minazi ya Mzee Bwanausi, ishirini na miwili, kule kwenye njia ya Bagamoyo. Alikuwa akiikwea tangu ujana wake na kila mmoja ameupa jina. Kulikuwa na Bi Kizee, kulikuwa na Mnuni, kulikuwa na Shemeji. Alikuwa akiniambia, "Nikizeeka nitakaa chini ya ile ishirini na miwili, nimtazame mtu mwingine akitoka jasho." Hilo ndilo alilolitaka duniani, na sikuwahi kumsikia akitamani kingine.

Mwaka wa tatu baada ya vita vya Hitla kwisha, Dija akajifungua mtoto wa kwanza huko Dar es Salaam. Mtoto mwenyewe ni wewe, Sikuzani, usiangalie pembeni. Babu yako alidandia lori la Ramniklal, yule Mhindi mwenye duka Bagamoyo aliyekuwa akinunua mbata za watu, zile nazi zilizokaushwa, na kuzipeleka mjini. Alikaa juu ya magunia, ana kuku wawili wa mzazi kapuni. Karibu na daraja la Mpiji breki zikakatika, lori likatoka njiani likalala ubavu. Mwinshehe alirushwa chini, na gunia la mbata likamwangukia begani.

Alilazwa hospitali mjini wiki sita. Aliporudi bega la kulia lilikuwa limeshuka, mkono haupandi kupita kifua, na nyonga inamuuma akikaa na akisimama. Tulimwita Bi Ashatu, fundi wa kuunga mifupa, akawa anamkanda kila asubuhi kwa mafuta ya nazi. Bi Ashatu hakuwa mtu wa kutia chumvi. Alituambia, "Mifupa imeshika. Bega hili likikaa mwaka mzima bila kazi nzito, atapanda tena miti mifupi. Akiliharakisha, halitarudi." Tukawa tunahesabu miezi.

Ramniklal naye, sitamsema vibaya, alikuja mwenyewe kumtazama. Akakaa barazani akamwambia, "Mwinshehe, ndugu yangu, gari langu lina bima. Mimi hulipa kila mwaka kwa watu wa mjini, na mtu akiumia juu ya gari langu wao humlipa fidia. Watamleta mtu akuone. Mwambie kweli, mwoneshe bega, basi." Mwinshehe hakungoja hata kesho. Alichukua mkongojo akaenda kwa Mzee Bwanausi, wakakubaliana kwamba fedha ya bima ikija itanunua minazi, na Mzee Bwanausi hatamuuzia mtu mwingine mpaka Idi ipite. Alirudi anachechemea na anacheka peke yake njiani. Mwaija jirani yangu alidhani amerukwa na akili.

Mtu wa bima alikuja Ijumaa, mwezi wa nane tangu ajali, bila kutupa habari. Mimi nilikuwa nangojea Mzungu mwenye kofia. Akaja kijana wa Kihindi, mwembamba, suruali imejaa vumbi, mkoba kwapani. Jina lake Jaysukh. Alipiga hodi mara tatu, akavua viatu bila kuambiwa, akamwamkia Mwinshehe shikamoo, na mimi niliyekuwa nyuma ya pazia akaniamkia pia. Afadhali angekuja na kiburi. Mwenye kiburi ningemwacha akae na kiu yake mpaka aondoke.

Akakaa jamvini akasema, "Mzee, mimi huandika ninayoyaona na ninayoambiwa na mwenyewe. Wakubwa wangu ndio wanaoamua." Akamuuliza umri wake, kazi yake, alikuwa akipanda minazi mingapi kwa siku. Akamwambia ainue mkono. Mwinshehe akauinua, ukafika hapa kifuani, ukakwama, na jasho likamtoka kwenye paji la uso. Yule kijana akageuza macho, kama mtu aliyeona kisichomhusu. Akaandika sana. Kisha akafunga kalamu yake akasema, "Kwa hali hii, mzee, sioni kwa nini wasikulipe."

Nyuma ya pazia nilikaribia kupiga kigelegele. Nikaiona minazi ishirini na miwili imesimama mbele yangu. Na hapo hapo nikaliona jamvi. Mgeni amekaa saa nzima na mbele yake hakuna hata kikombe. Sukari ilikuwa imekwisha. Duka limefungwa kwa ajili ya sala na wanaume wote wako msikitini, Mwinshehe tu ndiye aliyebaki kwa sababu ya nyonga yake. Maji ya kisima wiki ile yalikuwa ya chumvi. Nikaona haya mpaka masikio yakanichoma. Nikakohoa, na Mwinshehe akaja ndani.

Sasa hapa tegeni masikio, maana haya hamkuimbiwa.

"Baba Dija," nikamwambia kwa sauti ya chini, "mgeni ataondoka mkavu."

"Mpe maji."

"Maji yale ya chumvi? Mtu amekuletea riziki, umpe maji ya chumvi? Na madafu yako hapo nyuma."

"Bega, mama Dija."

"Mti wenyewe mfupi ule. Ningekuwa mwanamume ningepanda mwenyewe."

Ndivyo nilivyosema, neno kwa neno. Alinitazama kidogo. Alilichukua panga nyuma ya mlango kwa mkono wa kushoto, akatokea mlango wa uani.

Jaysukh akamwona anapita na panga. Akaniuliza, "Mama, mzee anakwenda wapi?"

"Anakuangulia dafu, mwanangu."

Akainuka upesi. "Hapana, mama. Msijisumbue."

"Si usumbufu."

"Mimi nimekunywa njiani. Mwambie mzee asijisumbue."

"Dafu moja tu. Huwezi kuja Mlingotini ukarudi hivi hivi."

"Mama," akasema mara ya tatu, na safari hii sauti yake ilikuwa nyingine, "nakuomba, mwambie asipande."

Haya, niambieni nyinyi. Ni mgeni gani mwenye adabu asiyesema msijisumbue? Mgeni husema, na mwenyeji hujifanya hakusikia, ndivyo tulivyolelewa. Angekubali mara ya kwanza ningemwona mlafi. Mimi nikasema moyoni, kijana huyu kafunzwa vizuri na mama yake. Nikacheka, nikamwambia akae kitako. Alichokuwa ananiambia sikukijua, na siku nilipokijua alikuwa amekwisha kwenda zake miezi miwili.

Mara tukasikia kutoka nyuma ya jiko, "Napandaaa." Sauti ilikatika katikati. Hakuwa ameita hivyo tangu ajali. Mwaija akajibu kutoka uani kwake, "Panda, baba, tulikukosa," na wanawake wengine wakacheka, wakatoka kuchungulia. Jaysukh naye akatoka, akasimama penye mlango wa jiko na mkoba wake.

Mti ule niliuita mfupi, lakini Dija alikuwa amekwisha kuwa mke wa mtu, na mti ni wa umri wake. Ulikuwa umelipita paa mara mbili. Mwinshehe alichomeka panga kiunoni, akaukumbatia kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukining'inia, akawa anasukuma kwa miguu. Nikayaona magoti yake yanagusa mti. Miaka yote ile sikuwahi kuyaona magoti ya Mwinshehe yakigusa mti. Katikati akasimama. Alisimama kitambo, kichwa amekiegemeza kwenye shina. Nilikuwa chini yake pale pale, na neno la kusema lilikuwa moja tu, shuka. Mwaija anatazama, wake za watu wanatazama, mgeni anatazama, na mimi nikawaonea haya. Sikulisema.

Akafika juu. Akalipiga dafu kwa ukucha, akasikiliza, akakata mawili. Wakati wa kushuka mguu ulimteleza, akadaka kuti kwa mkono wa kulia, akaning'inia kwa bega lile lile. Nikasikia kitu kimelia ndani ya bega, kama kuti kavu likivunjwa. Akashuka akasimama wima. Midomo ilikuwa myeupe, lakini anacheka.

"Umeumia, mzee?" akauliza Jaysukh.

"Niumie kwa mti huu?"

"Nimekuona umesimama katikati."

"Nilikuwa natazama bahari."

Jaysukh akamsogelea, akapunguza sauti. "Mzee, nakuuliza, na utakachosema nitakiandika. Umepanda kwa shida, au umepanda kama zamani?"

Mwinshehe hakumtazama yule kijana, alinitazama mimi. Akasema, "Huu si mti, mwanangu. Huu hata mtoto anapanda."

"Niandike hivyo?"

"Andika."

Akaandika. Nikamfungulia dafu, akapiga funda moja kwa heshima, akaliweka jamvini. Alituaga vizuri, akavaa viatu, akaenda zake. Dafu lilibaki limejaa. Nikamwambia Mwinshehe amalizie yeye, akasema hana kiu.

Kabla ya alasiri bega lilikuwa limevimba kama nazi. Bi Ashatu alipolishika aliliachia hapo hapo, akatugeukia kwa hasira. "Nani aliyempandisha mti huyu?"

"Nilijipandisha mwenyewe," akasema Mwinshehe.

Bi Ashatu akakusanya chupa zake za mafuta. Alituambia tusimlipe kitu na tusimwite tena, maana hapo hana kazi. Tangu siku ile mkono wa kulia haukuinua hata kopo la kutawadhia. Nilikuwa nikimmiminia mimi.

Barua ilikuja baada ya miezi miwili. Tulikwenda kuisikiliza dukani kwa Ramniklal, na duka limejaa watu, ilikuwa siku ya kuleta mbata. Ramniklal akaisoma kimya kwanza, akavua miwani, akaivaa, akaisoma tena. Kisha akatufasiria. Kwamba mdai ameonekana kwa macho akipanda mnazi na kushuka, na ameulizwa, akasema mwenyewe hakupata shida. Kwa hiyo kazi yake anaiweza, na fidia haimpasi.

"Mwinshehe, ndugu yangu," akasema Ramniklal, "umepanda mnazi mbele ya mtu wa bima?"

"Nilimwangulia dafu."

Duka zima likaangua kicheko. Kuna mtu alicheka mpaka akakalia gunia. Ramniklal peke yake hakucheka. Akauliza, "Kwani nani alikutuma?"

Mimi nilikuwa pale mlangoni, na buibui langu, na kinywa changu hiki mnachosema hakinyamazi. Kilinyamaza. Mwinshehe hakugeuka hata kunitazama, asije akanifichua. Akasema, "Sikutumwa. Nilitaka kumwonesha kijana ufundi." Wakacheka tena, na pale pale wakampa hilo jina.

Mzee Bwanausi alitimiza ahadi yake, alingoja mpaka Idi ikapita. Kisha akawauzia watu wa Lugoba. Nao walipohitaji mtu wa kuwasukia makuti, Mwinshehe akaenda. Alikuwa anakaa chini ya ile ile minazi ishirini na miwili, anashikilia kuti kwa vidole vya mguu na kusuka kwa mkono wa kushoto, na huko juu kuna mkwezi wa watu anayepanda. Wapita njia walimwita, "Vipi, Dafu?" Akaitikia. Mimi nilikuwa nikimpelekea chakula, nikifika namwona anaitazama miti yake, Bi Kizee, Mnuni, Shemeji. Hakuwahi kunilaumu. Angenilaumu hata mara moja tungegombana, tungelia, yangekwisha.

Badala yake nilimsema Jaysukh. Kisimani, harusini, matangani, popote nilipokaa nilimwita mnafiki na mpelelezi aliyekuja kutumaliza na shikamoo yake. Nililisema hilo karibu miaka kumi. Na moyoni najua kijana yule aliniomba mara tatu na akamuuliza Mwinshehe mara tatu. Kama kuna mtu aliyetaka Mwinshehe asipande siku ile, ni yeye. Mimi mkewe ndiye niliyempandisha.

Mwaka jana alipolala kitandani, akatamani dafu. Mkwezi wa wale watu wa Lugoba akaniletea moja, nikamwinua kichwa, akanywa mafunda mawili.

"Huyu hakuligonga," akasema. "Lilikuwa na siku tatu bado."

Nikacheka, na kicheko kikageuka kilio. Nikamwambia, "Baba Dija, siku ile mimi ndiye niliyekutuma. Nilikwambia neno baya, halafu dukani nikakuacha peke yako. Nisamehe, mume wangu."

Alilisogeza dafu pembeni kwa mkono wa kushoto. Kisha akasema, "Mti ulikuwa mfupi, mama Dija."

Siku ya nne akatutoka.

Mti uko pale nyuma ya jiko. Nenda, Sikuzani, kasimame chini yake, kisha uje uniambie kama ni mfupi. Na watoto wa jirani wakianza tena wimbo wao, waambieni aliyetaka dafu ni bibi yenu Mwanamvua. Mimi dukani kwa Ramniklal nilishindwa kulisema. Lisemeni nyinyi, tena kwa sauti, wasikie mpaka uani.